Gia Ishirini na Moja, Punguza Bei

Kampala, baiskeli isiyo na gia ni mali. Yenye gia tatu ina matatizo matatu, na mnunuzi atataka umpunguzie bei mara tatu. Yangu ilikuwa na gia 21.

Ni Raleigh Pioneer ya miaka ya 1990, fremu ya chuma, kijani kilichokwisha kugeuka cheusi kwenye maungio, kazi ya Nottingham, Uingereza. Aina hii wataalamu huiita chotara. Miaka ile watengenezaji walichukua magurudumu makubwa membamba ya baiskeli ya lami, wakayafunga pamoja na usukani ulionyooka na gia nyepesi za baiskeli ya mlimani, wakasema itamfaa mtu wa kwenda kazini siku za juma na kutalii kando ya mto siku ya Jumapili. Niliachiwa na rafiki Mwingereza aliyekuwa anamaliza mkataba wa kufundisha. Ikanitumikia miaka mingi, mpaka mama watoto alipotangaza kwamba ukumbi wa nyumba ni wa watu, na anayetaka kulala na baiskeli akalale nayo uani.

Nikachukua kipande cha boksi nikaandika: BAISKELI INAUZWA, RALEIGH, GIA 21, LAKI NNE. Nikakitundika kwa fundi wangu chini ya mteremko, kandokando ya barabara ya Ggaba. Fundi akakisoma, akaomba kalamu, akafuta "gia 21".

"Hiyo itafukuza watu, mwalimu."

Kumbe hata hilo neno lililobaki lilikuwa na kesi. Uganda nzima inajua Raleigh ni baiskeli ya namna gani: nyeusi, breki zake ni za vyuma wala si za waya, ina dinamo inayolia ikiwasha taa, na alikuwa nayo babu. Baiskeli ya kijani yenye waya nne zinazoning'inia ikijiita Raleigh inaonekana imebadilisha jina ili ikwepe jambo fulani. Nilijaribu kueleza kwamba kampuni ni ileile, ya Frank Bowden, iliyochukua jina la mtaa wa Raleigh pale Nottingham mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwamba wao pia walichoka kutengeneza nyeusi. Bwana mmoja akainama kwenye nembo ya mbele, akamwona yule ndege wa shingo ndefu, akacheka kwa ushindi. "Huyu ni korongo wetu wa kwenye bendera! Imetengenezwa Jinja hii." Akataka bei ya Jinja.

Sasa nieleze hizo gia, maana ndizo zilizoniletea wageni. Mbele kuna sahani tatu za meno: 28, 38 na 48. Nyuma kuna sproketi saba, ndogo ina meno 14 na kubwa ina 28. Ukiweka 48 mbele na 14 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita saba na zaidi, unateremka kuelekea Clock Tower na bodaboda wanakupisha. Ukiweka 28 na 28, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, mita mbili na kitu, na hapo unaweza kukipanda kilima cha Nsambya huku ukiwasalimia watu kwa majina. Kilima chenyewe si cha utani. Wamisionari wa Mill Hill walipofika mwaka 1895 Kabaka Mwanga aliwapa hapa. Angewapa bonde, nami leo ningekuwa nauza kitu kingine. Barabara inapanda hadi kwenye hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanza mwaka 1903, na waliojenga walipanga vizuri: ukiishiwa pumzi umeshafika.

Haya yote nilimweleza fundi kwa hesabu. Alinisikiliza huku anaziba pancha.

"Mwalimu, baiskeli ya Hero nayo ina gia."

"Hero? Hero ina gia moja tu."

"Mbili. Kupanda na kushuka. Kwenye tambarare unapanda, kwenye kilima unashuka unasukuma."

Fundi wangu ni mtu wa Busia, na suala la gia kwake ni suala la heshima ya nyumbani. "Sisi," huniambia, "tuliipa dunia bodaboda kwa gia moja." Na kweli ilianzia kwao, miaka ya 1960, vijana wakivusha abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Hakuna aliyewauliza wana sproketi ngapi.

Na nitasema ukweli hata kama nilikuwa muuzaji: hoja yake ina uzito kuliko hesabu zangu. Baiskeli ya Hero ikikatika mnyororo Moroto au Kabale, kipuri kipo kwenye duka lilelile linalouza chumvi na mafuta ya taa. Pedali, ekseli, gololi, spoku, vyote vinajulikana kwa jina na kwa bei. Lakini ule mkono wa gia wa nyuma, ule wenye magurudumu mawili madogo ya plastiki unaohamisha mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine, ukipinda umepinda na wewe. Utauzungusha Katwe nzima, mahali ambapo watu wanaweza kukufulia geti, jiko na jeneza, na watautazama kwa huruma. Soko halichukii gia. Linachukia kitu ambacho fundi wa pili hawezi kukitengeneza.

Kwa hiyo kila aliyekuja kununua alikuja na mpango wa kuigeuza. Hakuna hata mmoja aliyeitaka ilivyo.

Wa kwanza mwenye fedha alikuwa askari polisi mstaafu, afande wa miaka mingi wa kambi ya Nsambya, mwenye Kiswahili cha kambini kinachotoka kwa amri. Alimtafutia kijana wake baiskeli ya shule. "Toa hii takataka yote," akaamuru akionyesha gia, "acha moja. Halafu nalipa." Fundi akafurahi kuliko harusi. Akafungua mkono wa gia, akang'oa waya, akaulaza mnyororo kwenye sahani ya kati, akakata uliozidi. Sproketi saba za nyuma hazikutoka kwa sababu hakuwa na kifungulio chake. Akasema zisitutie wasiwasi, zitakaa pale kama mapambo.

Hapa kuna jambo ambalo mwenye Hero halijui, na hana sababu ya kulijua. Kwenye Hero, tundu la ekseli ya nyuma limelala. Mnyororo ukilegea unalegeza nati, unavuta gurudumu nyuma, unakaza, umemaliza. Kwenye chotara yangu tundu limesimama wima. Gurudumu halivutiki kwenda popote. Kazi ya kukaza mnyororo ilikuwa ya ule mkono uliong'olewa. Na zile sproketi za mapambo zimechongwa ubavuni vijia vidogo vya kuusaidia mnyororo kupanda kwenda kwa jirani mkubwa. Zilifundishwa hivyo kiwandani, na hazikujua kwamba sera imebadilika.

Afande akaipanda kwa majaribio, akakunja kona akaanza kilima. Tukamwona anaendesha vizuri, mgongo umenyooka, akapita maseremala wanaopanga makochi na vitanda vyao kando ya barabara. Pale panapoanza kuuma akasimama juu ya pedali akatia nguvu. Mnyororo, bila waya wala mkono wa kuuongoza, ukabadilisha gia wenyewe. Ukapanda sproketi kubwa zaidi, na kwa kuwa ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha ile ndogo, ukakaza hadi pedali zikagoma. Baiskeli ikasimama papo hapo. Afande hakuanguka kwa haraka. Mtu aliyezoea gwaride huanguka kwa utaratibu. Akainama kushoto, akaenda, akaenda, akaketi kwenye kochi.

Kochi lilikuwa la mbao za mvule, limepakwa vanishi asubuhi ile. Seremala alitokea na brashi mkononi, akamtazama afande, akatazama alama iliyobaki, akataja bei ya kochi. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu na yalihusu sheria zaidi ya samani. Alipoteremka kuturudishia baiskeli, suruali ilibanduka kila hatua kwa sauti. Hakusema neno. Akamwonyesha fundi kidole kimoja, akaenda zake.

Fundi akasema tatizo ni gia.

Tukaanza kuirudisha ilivyokuwa, na hapo ikafahamika kwamba kile kipande cha mnyororo kilichokatwa kimeshaingia kwenye baiskeli ya mtoto wa jirani. Mtoto akatafutwa, akalia, akapewa pipi. Tukakipata karibu chote, pungufu ya viungo vichache. Fundi akataka kuunga kwa mnyororo wa Hero. Haiwezekani: viungo vyote ni nusu inchi kwa urefu, lakini wa Hero ni mpana, umetengenezwa kwa meno manene ya gia moja, na wa baiskeli ya gia nyingi ni mwembamba ili upite kati ya sproketi zilizobanana. Ukaungwa hivyo hivyo, mfupi. Kuanzia siku hiyo baiskeli ikawa na sharti: sahani kubwa ya mbele isikutane na sproketi kubwa za nyuma, la sivyo mkono wa gia utang'oka.

Akaja mzee wa reli. Sisi tuliokulia kota za reli za Nsambya tunawajua wazee hawa: waliajiriwa na shirika la reli la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977, na mpaka leo kila kitu wanakipima kwa viwango vya shirika. Yeye hakuzipinga gia. Alizitaka tatu, lakini za ndani. "Sturmey-Archer," akalitamka jina polepole, kwa heshima. Ni habu ya nyuma iliyobuniwa Uingereza mwaka 1902, gia zake zimefungiwa ndani zikioga mafuta: moja ya kawaida, moja inayopunguza mwendo kwa robo, moja inayouongeza kwa theluthi. Haina kinachoning'inia nje cha kupindwa na mbuzi. Kwa kweli, kama kuna ugeuzaji wowote unaoifaa chotara ya zamani Kampala, ni huo, na nilianza kuona laki nne zangu zinarudi.

Mzee akaenda Kisenyi kwenye vyuma chakavu akarudi nayo, imefungwa kwenye gazeti. Tukahesabu matundu ya spoku. Habu ina 40, kwa sababu Waingereza wa zamani walitia spoku 40 nyuma na 32 mbele. Rimu yangu ina 36. Mzee akafikiri, akavua miwani, akashauri matundu manne yaachwe kuwa akiba.

Kijana wa Muyenga simtaji kwa kirefu. Alikuwa na kofia ya plastiki na maneno mengi, alitaka kung'oa sahani mbili za mbele abakize moja, kisha aweke sproketi 11 nyuma. Nikamweleza kwamba habu yangu imetengenezwa kwa saba, kwa hiyo 11 zinadai gurudumu jipya, mnyororo mpya, mkono mpya na kishikio kipya. Akasema hilo si neno. Nikamuuliza sasa anachonunua kwangu ni nini. Akapiga picha akaondoka.

Mbeba matooke alikuwa mtu makini zaidi. Yeye gia hazikumsumbua, angezikata mwenyewe. Alichotaka kujua ni kama tairi zinapatikana. "Namba 28," nikamwambia, na ubavuni mwa tairi imeandikwa 28. Akaenda soko la Owino akarudi na tairi ya 28, mpya, nyeusi, ya Hero. Hapa walimwengu wametufanyia ubaya. 28 ya Hero inakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. 28 ya chotara inakaa kwenye rimu ya 622. Zote zinaitwa 28, na rimu zenyewe hakuna iliyo inchi 28. Fundi akaitia, ikaingia kwa urahisi wa kutia shaka, akapampu. Ikakaa. Akapampu tena. Tairi ikaruka nje ya rimu na tyubu ikapasuka kwa mlio uliopanda juu kabisa, na fundi wangu anakaa si mbali sana na ukuta wa ubalozi wa Marekani, mahali ambapo milio ya namna hiyo haina wapenzi. Bodaboda walilala chini. Kuku wa jirani akataga, nasikia. Vichwa kadhaa vyenye kofia vikageuka upande wetu, na fundi akainua mikono miwili, mmoja ukiwa bado umeshika pampu, jambo ambalo nilimshauri asilirudie.

Mbeba matooke alikuwa ameshaondoka. Tairi yake aliifuata kesho yake.

Nikashusha hadi laki tatu na nusu. Mama watoto akaanza kuanika nguo kwenye usukani.

Aliyeinunua ni mnoa visu. Mnamjua: ana baiskeli yenye stendi pana, akifika mtaani anaisimamisha gurudumu la nyuma liwe hewani, mkanda kutoka gurudumu hilo unazungusha jiwe lililofungwa juu, naye anakaa anakanyaga safari isiyofika popote huku cheche zinaruka. Alikuja bila kelele, akachutama, akahesabu meno kwa kidole. Ndiye pekee aliyehesabu meno.

"Hii ya mbele inakuja na hizi za nyuma zote?"

"Zote," nikasema, kisha nikaongeza lile sharti.

Akanieleza kazi yake, na nilikaa kimya maana ilikuwa mara ya kwanza kusikia gia zikisifiwa Nsambya na mtu asiye mimi. Panga na jembe vinataka jiwe liende mbio. Mkasi wa fundi cherehani hautaki: jiwe likienda mbio, makali yanapata moto, chuma kinakuwa laini, na baada ya wiki mteja anarudi na mkasi na ndugu zake. Kwa baiskeli ya gia moja inambidi apunguze kwa miguu, na miguu ikichoka inasahau. Kwa hii, panga ni sahani kubwa, mkasi ni sahani ndogo. Mkanyago uleule. Akainua gurudumu, akazungusha pedali, akasikiliza mnyororo ukihama. Wahandisi wa Nottingham walimuwazia mtu wa kutalii kando ya mto. Mimi nilimuwazia mpanda kilima. Kumbe gia 21 zilikuwa zinamsubiri mtu ambaye kazi yake ni kukaa palepale.

Tukapatana laki tatu na ishirini, bila ubishi. Ikabaki karatasi. Huwezi kumwuzia mtu baiskeli Kampala bila barua ya mwenyekiti wa mtaa, yaani wa LC1, la sivyo siku yoyote atasimamishwa aulizwe ameiiba wapi. Mwenyekiti wetu ni mtu wa haki na wa polepole. Akachukua daftari, akavaa miwani, akaandika: baiskeli moja, kijani, Raleigh.

"Hii Raleigh?"

"Raleigh."

Akaweka alama ya kuuliza. Mnoa visu akaomba iandikwe pia kwamba ina gia 21, maana ndizo alizonunua. Mwenyekiti akatoka nje na kalamu, akachungulia, akahesabu kwa sauti. Mbele tatu. Nyuma saba. Akatazama juu.

"Ni kumi."

"Unazidisha, mwenyekiti. Kila moja ya mbele inakutana na kila moja ya nyuma. Tatu mara saba."

"Nina watoto watatu na mbuzi saba. Nina nini ishirini na moja?"

"Mimi ni mwalimu, mwenyekiti, nakwambia—"

"Mwalimu wa Kiswahili."

Umati mdogo ulikuwa umekusanyika, na ukamuunga mkono. Mbaya zaidi, usiku ule nilikaa na karatasi nikakuta mwenyekiti amekaribia ukweli kuliko kiwanda. 48 kwa 24 ni mbili kamili. 28 kwa 14 nayo ni mbili kamili: gia mbili, kitu kimoja. 48 kwa 18 na 38 kwa 14 mguu hauwezi kuzitofautisha. Ukiondoa zinazojirudia, hizo 21 zinabaki kama 13 hivi. Lakini saa ile nilisimama imara na kuzidisha kwangu, mnoa visu naye akasimama na mimi, na hatimaye mwenyekiti akaandika: "yenye gia, idadi kama inavyoonekana." Akagonga muhuri. Ada ya muhuri ikalipwa.

Kisha akaisoma karatasi kwa sauti: magurudumu mawili, kiti kimoja, keria moja, madigadi mawili, stendi. Mnoa visu akauliza mbona kengele haimo. Ukurasa ulikuwa umejaa, na ukurasa wa pili una muhuri wake na ada yake. Mwenyekiti akaamua: kisichoandikwa hakijauzwa. Kengele ikafunguliwa palepale kwa spana, nikakabidhiwa.

Nilipokuwa nateremka fundi akaniona nayo. Ni ile ya kizamani, ya chuma kinachong'aa, ukiibonyeza inalia mfululizo. Akaijaribu, ikalia, akatabasamu, akasema kuna toroli ya mteja wake inaitafuta kengele namna hii, niseme bei. Nikataja. Alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni, halafu akasita, akaitikisa sikioni.

"Ndani kuna nini?"

Nikamfungulia kifuniko. Vigurudumu vidogo vya meno, vimeumana, ndivyo vinavyoizungusha ilie. Fundi akavitazama kwa muda mrefu, akakirudisha kifuniko, akanirudishia kengele yangu.

"Toa hizo gia kwanza," akasema, "ndipo tuongee bei."